Chakula Hiki Bado Kinalika?

Unafungua sufuria ya maharage ya jana na kukuta povu jepesi pembeni. Unamenya muhogo, ndani una mistari ya buluu. Yai la kuchemsha limezungukwa na duara la kijani kwenye kiini. Asali uliyonunua mwezi uliopita imeganda chupa nzima. Katika vyakula hivi vinne, cha kutupa ni kimoja tu, nacho ni maharage. Lakini katika nyumba nyingi mambo huenda kinyume: maharage hurudishwa jikoni yakachemshwa upya, muhogo ukatupwa, na muuza asali akaambiwa ametia sukari.

Macho hutudanganya pande zote mbili. Yanatufanya tutupe chakula kizima, na yanatufanya tule chakula chenye sumu kwa sababu kinapendeza. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na rangi. Unapokitilia chakula shaka, jiulize kwanza ni chakula cha aina gani, kimekaa wapi, na kimekaa kwa muda gani. Ukishajibu hayo, ndipo utazame, unuse na uguse. Kuonja kuwe kwa mwisho, na kwa vyakula vingine kusiwepo kabisa.

Kuna imani moja ya kuondoa kabla hatujaendelea, nayo ni ile ya "kichemshe tu, wadudu watakufa." Ni kweli, wadudu wengi watakufa. Ila baadhi yao, kabla ya kufa, wanakuwa wameshaacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haijali moto wa mkaa wala wa gesi. Kupasha moto kunafaa kwa chakula kilichohifadhiwa vizuri. Hakukifufui kilichokwisha kuharibika.

Nianze na mahindi, kwa sababu kosa la hapo limeshaua watu wengi kwetu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Sehemu kubwa ya mahindi yaliyowadhuru ilikuwa ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa ndani yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua, 20 wakafariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, inayotengenezwa na ukungu wa jamii ya Aspergillus. Ukungu huo huingia kwenye mahindi na karanga zikiwa bado shambani, hasa mwaka wa ukame, kisha hustawi ghalani kama nafaka haikukauka. Sumukuvu hushambulia ini. Anayeila kwa wingi kwa mara moja hutapika, macho huwa ya manjano, tumbo huvimba. Anayeila kidogo kidogo miaka yote yumo katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huzidi sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi. Piga hesabu: hiyo ni miligramu moja katika gunia zima la kilo 100. Hakuna jicho la kuiona wala ulimi wa kuionja, na kuisonga ugali hakuiondoi. Unachoweza kufanya nyumbani ni kupunguza, na uchambuaji wa mikono hupunguza kwa kiasi kikubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Fanya hivi. Kabla ya kumwaga, ingiza mkono hadi katikati ya gunia. Ukikuta joto, au mkono ukatoka na harufu ya ukungu, gunia hilo lote lina tatizo na kuchambua hakutaliokoa. Kama ni baridi na kavu, mwaga mahindi kwenye ungo kidogo kidogo, mahali penye mwanga wa jua. Tazama kitovu cha punje, pale ilipokuwa imeshikilia gunzi, maana ukungu hupenda kuanzia hapo. Toa punje yoyote yenye rangi ya kijani chenye umanjano, ya kijivu au nyeusi. Toa pia zilizovunjika, zilizotobolewa na dumuzi na zilizosinyaa, hata kama rangi yake ni nzuri, kwa sababu ganda lililopasuka ni mlango wa ukungu. Ulizotoa usiwape kuku wala ng'ombe. Sumu ya mahindi aliyokula ng'ombe hupita hadi kwenye maziwa, na mtoto wako akaja kuinywa. Usizipeleke kwa wapika pombe pia. Zifukie.

Kama unavuna mwenyewe, kuna kipimo cha ukavu kisichokugharimu chochote. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu ya mezani, funga, kisha tikisa kwa dakika kadhaa. Iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuingia ghalani. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi ikianguka yote chini na kuta zikabaki safi, hapo umekaribia ukavu unaotakiwa, ambao ni asilimia 13 hivi.

Siku hizi dona inasifiwa sana, na ina sifa zake za kweli. Lakini sehemu kubwa ya sumukuvu huwa kwenye ganda na kiini cha punje, vitu ambavyo sembe huviacha kwenye pumba na dona huvibakiza. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kula dona ya mahindi uliyoyaona na kuyachambua mwenyewe kabla hayajaenda mashineni. Dona ya kununua bila kujua ilikotoka siipendekezi, na pumba ya mahindi mabovu isiende bandani.

Karanga nazo ni hivyo hivyo, na pengine zaidi. Karanga iliyosinyaa, yenye doa jeusi, au iliyogeuka rangi ndani ukiipasua, itupe. Ukitafuna moja ukakuta uchungu, iteme papo hapo na usukutue. Usimeze kwa aibu kwa sababu uko mbele ya watu. Za kusaga zinahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa karanga zilizokataliwa kwenye uchambuzi ndizo zinazoweza kuishia kwenye kinu, ambako hakuna anayeziona tena. Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wanaonunua unga wa lishe wasimame kidogo. Unga huo mara nyingi huwa na mahindi na karanga pamoja, na anayeulishwa kila siku ni mtoto mwenye ini dogo. Nunua nafaka nzima, chambua, saga kiasi cha wiki mbili tatu, weka pakavu. Ni kazi, lakini ni kazi ya kufanya.

Tuje kwenye sufuria. Wali uliolala nje usiku kucha unaweza kuwa mweupe, unanukia tui, na usiwe na kasoro yoyote ya kuonekana. Katika mchele huwamo bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili maji yanayochemka. Wali ukipoa taratibu ndani ya sufuria iliyofunikwa, mbegu hizo huamka na kuzaliana. Aina mojawapo hutoa sumu ya kutapisha ambayo hata nyuzijoto 121 haziiharibu. Kupasha wali nyumbani hakufiki huko. Anayeula hutapika ndani ya saa moja hadi sita, na mara nyingi lawama huangukia mboga.

Simkatazi mtu kiporo. Kiporo cha wali na chai ya asubuhi ni chakula kizuri, mradi kitunzwe. Mkimaliza kula usiku, pakua uliobaki, uutandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kukiwa na joto kali kama la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, ndani ya saa moja. Kesho yake upashe hadi moshi utoke katikati, mara moja tu, na usirudi tena kwenye friji. Usiye na friji, pika unaotosha. Najua hilo ni gumu kwa nyumba inayopokea wageni bila taarifa, lakini wali uliokaa nje kuanzia saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi hauna namna ya kuuhakikisha. Hali ni hiyo hiyo kwa pilau la shughuli lililopikwa alfajiri, likashinda sufuriani, kisha likafungwa kwenye mifuko kupelekewa waliobaki nyumbani. Nyama iliyomo ndani inaongeza hatari.

Maharage yenye povu, ute unaovutika kwenye kijiko au harufu ya uchachu yamwagwe. Kwa tui, tofautisha mambo mawili. Tui lililokatika jikoni, likawa vipande vyeupe na maji pembeni, limepata moto mwingi au halikukorogwa. Sura yake ni mbaya lakini halina neno. Tui lililochacha lina ukali puani na vipovu vidogo hata likiwa halijaguswa na moto. Hilo ndilo la kumwaga, na mchuzi wowote uliotiwa tui huchacha mapema kuliko usiotiwa.

Hapa mtu atauliza: mbona mtindi umechacha na tunakunywa? Mbona togwa? Mbona mursik ya Wakalenjin, yenye rangi ya majivu na chembe za mkaa, ni kinywaji cha heshima? Hivyo vimechachishwa kwa njia inayojulikana, kwa kimea, kwa chachu ya maziwa ya jana, au katika kibuyu kilichoandaliwa, na tindikali inayotengenezwa na bakteria wazuri huwazuia wabaya. Rangi ya mursik inatokana na mkaa wa mti uliopakwa ndani ya kibuyu, basi. Chakula kilichochacha chenyewe sufuriani hakina ulinzi huo, kwa sababu hujui ni nani aliyekichachisha. Na hata mtindi ukiota ukungu juu, au ukapata mabaka ya rangi ya waridi, usiukwangue. Mwaga wote.

Kilichotokea Chitima, mkoani Tete nchini Msumbiji, Januari 2015, kinafaa kukumbukwa na kila anayetengeneza pombe au uji wa unga wa mahindi. Watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani, na 75 wakafa. Uvumi wa kwanza ulikuwa nyongo ya mamba: kwamba kuna mtu aliyetia sumu. Uchunguzi wa maabara ulikuja kuonyesha sumu iitwayo asidi ya bongkreki, iliyotengenezwa na bakteria Burkholderia gladioli walioota katika unga wa mahindi ulioharibika. Hakukuwa na mchawi wala mamba. Unga ulioloa, ulioshikana mabonge au wenye harufu isiyo yake haufai hata kwa pombe.

Kwenye samaki, macho na pua vinasaidia zaidi. Ukiwa Feri ya Dar es Salaam au Darajani Unguja, usimtazame samaki ubavuni ambako amemwagiwa maji, funua matamvua. Yawe mekundu na yenye unyevu safi. Yakiwa ya kahawia, yana utelezi mzito na harufu inakupiga, ondoka. Jicho liwe limejaa na linang'aa, si lililodidimia lenye utando mweupe. Bonyeza mnofu kwa kidole: shimo lijae lenyewe. Samaki mbichi kweli ananuka bahari.

Ila jodari na vibua wana jambo lao. Wakikaa juani bila barafu, hata kwa saa chache, bakteria hutengeneza histamini ndani ya mnofu wao, na unaweza usione tofauti yoyote. Kupika hakuiondoi, kukausha hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi. Anayekula huanza kuona uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, vipele vinamtoka, mara nyingi kabla hata ya saa moja kupita. Kama jodari anachoma ulimi kwa ukali wa pilipili na hukutia pilipili, acha kula. Muulize muuzaji barafu iko wapi, na kama hana, nunua samaki mwingine.

Nyama ya kasa haina kipimo chochote cha jikoni. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu tisa walikufa baada ya kuila, wanane kati yao watoto. Ilikuwa nyama ya kawaida machoni pao. Sumu ya kasa haiondoki kwa kuchemsha, na watoto ndio wanaoathirika zaidi. Isiliwe kabisa.

Nyama ya ng'ombe iliyobadilika kutoka nyekundu kuwa ya kahawia imekosa hewa au imekaa kidogo. Kama haina utelezi wala harufu mbaya, inalika. Mng'ao wa rangi za upinde wa mvua kwenye nyama iliyokatwa ni mwanga tu unaocheza juu ya nyuzi zake. Utelezi unaonata vidoleni na harufu ya uvundo haviondoki kwa ndimu wala siki, hata mwenye bucha akikuambia osha tu. Kwenye nguruwe, angalia vijifuko vyeupe vyenye maji, vya ukubwa wa punje ya mtama au kubwa zaidi, vilivyojibanza kati ya nyuzi za nyama. Hao ni tegu wachanga, na nyama hiyo hainunuliwi kwa bei yoyote; dai muhuri wa mkaguzi. Mnyama aliyekufa ghafla asiliwe wala asichunwe, hata kama familia ina njaa, kwa sababu kimeta huwapata wachunaji pamoja na walaji.

Mengine niyapitie haraka. Mistari ya buluu au nyeusi kwenye muhogo ni dalili kwamba ulichimbwa siku mbili tatu zilizopita. Kata sehemu hizo, upike. Muhogo wa kuogopa ni ule mchungu, hata uwe mweupe kiasi gani, usipolowekwa na kukaushwa inavyotakiwa, kwani una sianidi. Viazi mviringo vyenye ukijani, kata ukijani wote kwa kina. Kikiwa kichungu baada ya kupikwa, acha. Kiazi kitamu chenye uozo mweusi na uchungu, tupa chote. Vitunguu vilivyochipua vinalika. Duara la kijani kwenye yai la kuchemsha limetokana na kuchemshwa mno. Yai linaloelea majini ni la zamani; livunje kwenye kikombe peke yake, na pua itakujibu. Asali iliyoganda iweke kwenye maji ya uvuguvugu, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali yoyote.

Mkate, chapati, keki na jamu vikiota ukungu sehemu moja, tupa vyote. Ukungu unaouona juu ni maua yake. Nyuzi zake zimeshapenya ndani ambako hazionekani. Karoti au kabichi, kwa kuwa ni ngumu, unaweza kukata sentimita mbili na nusu kuzunguka doa ukala iliyobaki. Mkebe uliovimba, unaovuja au unaofoka ukifunguliwa usionjwe hata kwa ncha ya ulimi, kwani sumu ya botulini hulemaza misuli ya kupumua kwa kiasi kidogo mno.

Umeme ukikatika, kaa mbali na mlango wa friji. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa saa nne hivi. Friza iliyojaa, hadi saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Nyama iliyoyeyuka lakini bado ina chembe za barafu inaweza kupikwa. Iliyokuwa vuguvugu kwa muda usioujua, iache.

Kuna watu ambao chakula cha shaka hawapewi hata kidogo: mtoto wa chini ya miaka mitano, mama mjamzito, mzee na mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua. Kuharisha kunakompita kijana kwa siku moja kunaweza kuwalaza hao hospitali. Usimpe bibi kiporo kwa kuwa "yeye hajali."

Na mtu akishaugua baada ya kula, mpe maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo. Usimpe maziwa kwa kudhani yanaua sumu. Kukiwa na damu kwenye choo, macho ya manjano, kuona vitu viwili viwili, ulegevu wa viungo, shida ya kupumua, au watu kadhaa wa nyumba moja kuugua pamoja, nendeni kituo cha afya saa hiyo hiyo. Mabaki ya chakula yafungeni kwenye mfuko safi muende nayo, na mkumbuke saa mliyokula. Daktari ataanza na hayo mawili.